Namna ya kupoza kabati la mitambo ya sinema nyumbani bila kelele

KATIKA nyumba nyingi za mijini nchini, sebule imegeuka ukumbi mdogo wa sinema. Runinga pana imetundikwa ukutani, spika zimepangwa pembeni, na chini yake lipo kabati la mbao ambamo mmefichwa amplifaya, king'amuzi, mashine ya kuchezea diski na kisambazaji cha intaneti.

Kabati hilo hupendwa kwa sababu mbili. Huficha nyaya zisizopendeza machoni, na huzima mvumo wa feni ndogo zilizomo ndani ya mitambo yenyewe. Hata hivyo, mlango unaozuia kelele kutoka ndio huo huo unaozuia joto kutoka, na joto ni adui mkubwa wa vifaa vya kielektroniki.

Hapo ndipo mwenye nyumba hujikuta katika njia panda. Akiufunga mlango, mitambo inachemka. Akiuacha wazi, utulivu unapotea. Akitia feni ya kwanza anayoipata dukani, mngurumo wake unayameza maneno ya waigizaji.

Si lazima achague kati ya ubaridi na ukimya. Viwili hivi hukaa pamoja almuradi hewa nyingi ipitishwe polepole, katika njia pana.

Joto hutoka wapi

Karibu umeme wote unaoingia katika mitambo hii hatimaye hugeuka joto. Amplifaya za aina ya kawaida hupoteza sehemu kubwa ya umeme wake kwa kujipasha moto badala ya kuzitikisa spika, na huwa na joto hata sauti inapopunguzwa.

King'amuzi nacho, ambacho kimekuwa chombo cha lazima katika nyumba nyingi tangu matangazo ya analogi yalipozimwa nchini mwaka wa 2015, huendelea kutumia umeme hata kinapozimwa kwa rimoti. Mtu akikigusa asubuhi, aghalabu hukikuta bado kina uvuguvugu.

Mbao hazipitishi joto upesi, wala kioo cha mlango hakisaidii sana. Joto lisilo na pa kutokea hurundikana hadi ndani ya kabati kuwe moto kuliko sebuleni kwa nyuzi nyingi.

Wanaoumia kwanza ni kapasita, vile vikopo vidogo vyenye kimiminika vilivyopangwa juu ya ubao wa saketi. Wahandisi hutumia kanuni ya kukadiria inayotokana na kazi ya mwanakemia wa Uswidi, Svante Arrhenius, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1903. Kwa kanuni hiyo, kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10 za Selsiasi, maisha ya kapasita hupungua kwa nusu.

Kwa hivyo, kapasita ambayo ingedumu miaka 8 katika joto la nyuzi 45 itadumu takriban miaka 4 katika nyuzi 55, na miaka 2 tu katika nyuzi 65. Mwenye nyumba hulaumu kupanda na kushuka kwa stima, na mara nyingine huwa na haki. Lakini yamkini mwuaji alikuwa ndani ya kabati siku zote.

Hatua zisizogharimu kitu

Kabla ya kununua feni, kuna mengi ya kurekebisha. La kwanza ni vile vitambaa vya kufuma ambavyo hutandikwa juu ya amplifaya na king'amuzi kama pambo. Matundu yaliyo juu ya mitambo hiyo ndiyo pua yake, na kitambaa huziba pua hiyo.

La pili ni mazoea ya kukibebesha chombo kimoja chombo kingine. King'amuzi kilichowekwa juu ya amplifaya hupashwa joto kama chungu juu ya jiko, na papo hapo huizuia amplifaya kupumua. Kila chombo kiwe na rafu yake, na amplifaya iachiwe nafasi ya angalau sentimita 10 juu yake. Ikiwezekana, ikae rafu ya juu kabisa ili joto lake lisipitie vyombo vingine.

La tatu ni mgongo wa kabati. Makabati mengi hufungwa nyuma kwa ubao mwembamba ambao hauna kazi kubwa ila kuzuia vumbi. Seremala anaweza kuukata sehemu, kisha kabati likasogezwa mbali kidogo na ukuta.

Hewa moto hupanda, na baridi huchukua nafasi yake. Kabati lenye king'amuzi na vyombo vingine vidogo, ambavyo kwa jumla hutumia wati 50 hivi, huweza kupoa bila feni yoyote. Linahitaji tundu la sentimita 10 kwa 20 karibu na sakafu, na jingine la kadiri hiyo karibu na kilele. Kadiri matundu hayo yanavyoachana kwa kimo, ndivyo hewa inavyovutwa kwa nguvu zaidi.

Hesabu ya hewa

Mambo hubadilika pakiwa na amplifaya kubwa. Chukua mfano wa kabati ambalo vyombo vyake hutoa joto la wati 300. Ili hewa inayotoka isizidi ile inayoingia kwa zaidi ya nyuzi 10, katika mji wa pwani kama Mombasa zinahitajika takriban lita 25 za hewa kila sekunde.

Jijini Nairobi, ambako ni karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na kila lita hubeba joto pungufu. Huko zitahitajika karibu lita 30 kwa sekunde. Hata hivyo, mkazi wa Nairobi hufidiwa na ubaridi wa hewa yenyewe, ilhali wa Mombasa huanza na hewa ambayo tayari imefika nyuzi 30.

Kiwango kinachoandikwa kwenye boksi la feni hupimwa pasipo kizuizi chochote. Ndani ya kabati lenye nyaya na wavu, feni hiyo haitafikia kiwango hicho. Ni busara kununua yenye uwezo wa karibu maradufu ya hesabu.

Siri ya ukimya

Wengi hudhani kuwa feni ndogo ndiyo yenye kelele ndogo. Ukweli ni kinyume. Feni ndogo hulazimika kuzunguka kwa kasi ili isukume hewa ya kutosha, na kasi ndiyo mama wa kelele.

Feni ikipunguzwa kasi kwa nusu, hewa inayosukuma hupungua kwa nusu pia, lakini kelele yake hushuka kwa takriban desibeli 15. Sikio la binadamu huhisi upungufu wa desibeli 10 kama sauti iliyopungua kwa nusu. Kuongeza feni ya pili iliyo sawa na ya kwanza huongeza desibeli 3 pekee.

Maana yake ni kwamba feni mbili zinazozunguka polepole hupitisha hewa sawa na feni moja inayokimbia, huku zikiwa na kelele pungufu kwa desibeli 12 hivi. Hiyo ndiyo sababu mafundi hupendekeza feni za kompyuta zenye upana wa milimita 120 au zaidi, ambazo hupatikana katika maduka ya vifaa vya elektroniki kama yale ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi.

Feni hizo hutumia umeme wa volti 12. Zikiunganishwa na adapta ya volti 9 au 7, hupunguza kasi na sauti. Muhimu ni kuhakikisha kwamba feni inaanza kuzunguka yenyewe kila inapowashwa, kwani nyingine hukwama volti zikipungua mno.

Kelele nyingine haitoki kwenye feni bali kwenye mbao. Feni iliyokazwa kwa skrubu hulitetemesha kabati zima, nalo likavuma kama ngoma. Vipande vya mpira, hata vile vya tyubu kuukuu ya baiskeli, vikitiwa kati ya feni na ubao humeza mtetemo huo. Wavu nao usigusane na mapanga ya feni; nafasi ya sentimita chache hupunguza mluzi.

Feni hukaa juu ikitoa hewa, na tundu la kuingizia hewa hukaa chini, upande wa pili. Yote mawili yakiwekwa pamoja, hewa itafuata njia fupi na kuiacha amplifaya katika joto lake. Tundu la kuingizia liwe pana kuliko la kutolea, maana hewa inayobanwa hupiga mluzi.

Joto lielekezwe wapi

Wenye nyumba wengine hupendelea kutoa hewa moto kupitia bomba pana hadi ukumbini au chumba cha stoo. Bomba lenye kona moja ni bora kuliko lililonyooka, kwa kuwa hewa hupinda kwa urahisi lakini sehemu ya sauti hugonga ukuta na kufifia.

Darini si mahali pazuri pa kuelekezea joto. Chini ya paa la mabati, hewa ya mchana huwa moto kuliko ya sebuleni, na feni ikizimwa joto hilo hurudi chini pamoja na vumbi. Katika nyumba zilizo karibu na bahari, hewa ya kupozea haifai kuvutwa moja kwa moja kutoka nje, kwa maana chumvi iliyomo hula vyuma na viungo vya saketi. Hewa ya sebuleni ni salama zaidi.

Tahadhari

Baadhi ya watu hubandika sponji ya godoro ndani ya kabati ili kunyamazisha sauti. Hilo ni kosa la hatari. Sponji hiyo hushika moto kwa wepesi na kutoa moshi wenye sumu. Zaidi ya hayo, huhifadhi joto lile lile linalotafutiwa njia ya kutoka.

Betri za asidi, ambazo baadhi ya familia hutumia stima inapopotea, hazifai kamwe kufungiwa humo. Zinapochajiwa huweza kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka ikikutana na cheche. Vilevile, nyaya na soketi za upanuzi zisirundikwe chini ya vyombo vingine.

Baada ya kazi yote, kipimajoto cha bei nafuu ndicho hakimu. Kitundikwe karibu na kilele cha kabati, filamu ichezwe kwa saa mbili mlango ukiwa umefungwa, kisha kisomwe. Ikiwa ndani kumezidi sebuleni kwa nyuzi 10 au chini ya hapo, mpango umefaulu. Kukizidi zaidi, tundu lipanuliwe kwanza kabla ya kuongeza kasi ya feni.

Swichi inayojiwasha joto linapofika kiwango fulani huiepusha feni kufanya kazi bure. Vumbi nalo lifutwe kila baada ya miezi michache, kwa kuwa wavu ulioziba hauna tofauti na tundu ambalo halikutobolewa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kabati la mitambo, mambo ni kinyume: asiyetoboa tundu la shilingi mia chache ndiye hununua amplifaya mpya.