Kutoka Stesheni hadi Mwalo wa Ujiji: Njia za Kukimbia na Wajibu wa Kuzitunza

Kila alfajiri, kabla wafanyabiashara wa soko la Mwanga hawajatandaza bidhaa zao, wapo wakazi wa Kigoma na Ujiji ambao tayari wako barabarani. Baadhi hukimbia peke yao, wengine hutembea kwa haraka wawili wawili, na wengine huenda katika vikundi vya mchakamchaka kwa nyimbo na makofi, kama walivyozoea tangu shule ya msingi. Hawalipi kiingilio, wala hawahitaji kiwanja. Njia wanazozitumia ni huduma ya umma kama lilivyo soko au kisima, ingawa hazina lango wala mlinzi.

Kwa kuwa njia hizo hazina lango, hupotea bila mtu kutangaza kuwa zimepotea. Mwembe mmoja hukatwa, ukuta wa kiwanja husogezwa hadi ukingoni mwa maji, mfereji hujaa taka na mvua ikachimba barabara. Baada ya miaka michache wakazi hujikuta hawana tena mahali pa kupita. Makala hii inaeleza njia tatu za mjini na moja ya milimani, namna ya kuzitumia kwa usalama, na mahali pa kupeleka taarifa pale njia inapoharibiwa.

Faida yake kwa afya

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuwa mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 za mazoezi mazito. Kwa hesabu nyepesi, hizo dakika 150 ni nusu saa ya kutembea kwa haraka kwa siku tano. Mazoezi ya kiasi hicho hupunguza hatari ya shinikizo la juu la damu, kisukari na maradhi ya moyo, ambayo matibabu yake ni ya muda mrefu na huigharimu familia nzima. Ni kwa sababu hiyo kwamba Desemba 2016 Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kuhimiza wananchi kufanya mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi.

Asiyewahi kukimbia aanze kwa kutembea, kisha achanganye mwendo na mbio fupi kwa wiki kadhaa. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au maumivu ya kifua apate kwanza ushauri wa mhudumu wa afya katika zahanati au kituo kilicho karibu naye.

Saa za Kigoma

Ratiba nyingi za mazoezi huandikwa kwa kufuata mapambazuko ya Dar es Salaam. Kigoma iko magharibi ya mbali, na jua huchomoza hapa takriban dakika 40 baada ya kuchomoza Dar es Salaam. Kwa kadiri ya msimu, mkazi wa Kigoma huliona jua kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika chache asubuhi. Anayetoka saa 11 alfajiri, kwa hiyo, anakimbia gizani. Avae nguo nyeupe au yenye kung'aa, aende na mwenzake, na aepuke barabara zisizo na taa.

Jioni nayo ina faida yake, kwa sababu jua hutua karibu saa 1 usiku. Mtumishi anayetoka kazini saa 9 na nusu au mfanyabiashara anayefunga duka saa 11 bado ana mwanga wa kutosha. Kuanzia Juni hadi Septemba njia ni kavu na zina vumbi. Katika miezi ya mvua, miteremko ya udongo huteleza na radi huwa nyingi. Ngurumo zikianza, mkimbiaji aondoke ufukweni na kwenye vilele, na asijifiche chini ya mti.

Njia ya kwanza: barabara ya miembe

Njia hii huanza kwenye stesheni ya reli, karibu na bandari. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, baada ya kukata nchi kwa takriban kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam. Kutoka stesheni, mkimbiaji hupanda Barabara ya Lumumba hadi Mwanga. Mpando huo ndio sehemu ngumu kuliko zote, na asiyeuzoea autembee. Baada ya Mwanga, barabara huelekea Ujiji. Safari nzima ni takriban kilomita 8 hadi mji mkongwe, na ziada kidogo kwa anayeshuka hadi ziwani.

Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo na kupita Tabora, mwendo wa takriban kilomita 1,200. Katika njia hiyo walipita wapagazi waliobeba pembe za ndovu na nguo, na walipita mateka waliopelekwa utumwani Pwani. Burton na Speke walifika Ujiji kwa njia hiyo mwaka 1858. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone hapa, na mahali panapotajwa kuwa ndipo walipokutana sasa pana jumba la makumbusho. Mwembe wa awali haupo tena. Iliyopo leo inaelezwa kuwa vizalia vyake.

Miembe ya Kigoma na Ujiji ni urithi wa mawasiliano hayo na Pwani. Kwa mkimbiaji ni kivuli. Kwa mji ni historia isiyohitaji maandishi. Mwembe uliopandwa kwa kokwa huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na miaka mingi zaidi kabla matawi yake hayajaweza kufunika barabara. Kuukata ni kazi ya asubuhi moja. Mti ulio ndani ya hifadhi ya barabara ni mali ya umma, na hakuna mwenye duka wala mwenye kibanda aliye na haki ya kuuangusha kwa uamuzi wake mwenyewe, hata kama unaziba bango lake.

Mkimbiaji akiingia Ujiji azingatie pia adabu ya mji. Huu ni mji wa watu wazima na wa misikiti ya siku nyingi. Kikundi kinachoimba kinyamaze kinapopita karibu na ibada au penye msiba, na mavazi yawe ya heshima. Mwenye kusalimia wazee barazani hupata njia hata pale palipojaa watu.

Njia ya pili: ghuba ya Bangwe na Katonga

Njia hii hutoka mjini kuelekea Bangwe, hupanda na kushuka vilima vilivyo juu ya ghuba, na kuishia Katonga, kijiji cha wavuvi. Ni fupi kuliko njia ya Ujiji, lakini ina vilima vingi. Anayesimama juu ya kilima huiona bandari yote ya Kigoma, ambako mwaka 1915 iliunganishwa meli inayojulikana leo kama Liemba, baada ya vipande vyake kuletwa kutoka Ujerumani kwa bahari na reli. Siku ya anga safi huonekana pia milima ya Kongo, ng'ambo ya maji.

Katonga na mialo mingine ni mahali pa kazi. Dagaa huanikwa, nyavu hurekebishwa, mitumbwi husukumwa na watu wengi kwa pamoja. Mkimbiaji apite pembeni, asikanyage vichanja wala nyavu, na apishe wabeba mizigo. Kadhalika, asioge wala kunawa miguu katika maji yaliyotuama penye majani, kwa sababu vimelea vya kichocho hupenya ngozi, na ziwa lina mamba katika baadhi ya sehemu.

Njia ya tatu: Kibirizi na ukingo wa ziwa

Kibirizi iko kaskazini mwa mji, umbali wa kilomita mbili hadi tatu, nayo ndiyo bandari ya boti ziendazo vijiji vya kaskazini na Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Sehemu kubwa ya njia hii ni tambarare, kwa hiyo yafaa kwa wanaoanza na kwa wazee.

Ukingo wa Ziwa Tanganyika haujawahi kutulia mahali pamoja. Katika karne ya 19 maji yalipanda hadi mwishoni mwa miaka ya 1870, ndipo yakabomoa kizuizi kwenye Mto Lukuga, upande wa Kongo, na kushuka kwa mita kadhaa. Hiyo ni sababu mojawapo ya makumbusho ya Ujiji kuwa mbali na maji leo. Tangu mwaka 2020 mwambao wa ziwa hili umeshuhudia maji yakipanda tena, na walioathirika zaidi ni waliojenga karibu mno.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi yake, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Wapo wanaoiona mita 60 hiyo kama ardhi iliyoachwa bure. Kwa hakika ardhi hiyo ina kazi tatu: ni nafasi ya ziwa kupanda na kushuka bila kubeba nyumba, ni njia ya wavuvi na wachota maji, na ni njia ya mwenye kutembea au kukimbia. Ukuta mmoja unaofika majini huziba zote tatu kwa pamoja.

Njia ya nne: milima yenye misitu

Kutoka usawa wa ziwa, ambao ni takriban mita 770 juu ya bahari, milima ya kaskazini hupanda hadi kupita mita 1,500. Msitu uliobaki imara zaidi ni wa Gombe, ambako Jane Goodall alianza utafiti wa sokwemtu mwaka 1960, na ambako hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 1968. Huko hakukimbiwi kiholela. Mgeni hulipa ada, huongozwa na mtaalamu, na hukaa mbali na sokwemtu kwa kuwa mafua ya binadamu yanaweza kuwaua.

Nje ya hifadhi, wakazi hutembea milimani kwa njia za miguu ziendazo mashambani na vijijini. Njia hizo ni nzuri kwa mwendo wa Jumamosi, kwa masharti machache: mtu asiende peke yake, aage nyumbani, abebe maji, na aombe ruhusa kwa uongozi wa kijiji anapotaka kuingia katika msitu uliohifadhiwa.

Miteremko mingi ilipoteza miti kwa kuni, mkaa na mashamba, na mvua ikifika udongo hushuka hadi barabarani na ziwani. Hata hivyo, miti ya miombo ina sifa moja ya kutia moyo: visiki vyake vikiachwa bila kuchomwa moto wala kung'olewa, huchipua tena. Hili limekuwa sehemu ya mpango wa TACARE ulioanza mwaka 1994 katika vijiji vinavyopakana na Gombe, ambako wanavijiji walitenga misitu yao wenyewe. Anayepita mlimani asiache moto nyuma yake, wala asichonge visiki vinavyochipua.

Usalama barabarani

Mahali pasipo na njia ya waenda kwa miguu, mkimbiaji akae upande wa kulia wa barabara ili ayaone magari, bajaji na bodaboda zinazomjia. Kikundi kisiitandaze barabara nzima. Watu wawili kwa safu wanatosha, na wa mbele na wa nyuma wavae nguo za kuonekana. Spika za masikioni ziachwe nyumbani. Madereva nao wanaombwa kupunguza mwendo nyakati za alfajiri, kwa kuwa barabara hiyo hiyo inatumiwa na wanafunzi na akina mama waendao sokoni.

Mahali pa kupeleka taarifa

Mfereji ulioziba, taa iliyozimika, mti uliokatwa au njia iliyofungwa kwa uzio huripotiwa kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, kisha kwa Afisa Mtendaji wa Kata. Ni vyema taarifa iandikwe, ikitaja mahali na tarehe. Barabara za mitaa zinasimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), na barabara kuu na za mkoa zinasimamiwa na Wakala wa Barabara (TANROADS). Ofisi ya kata ndiyo inayojua jambo lipelekwe wapi. Suala la misitu ya serikali hufikishwa kwa Wakala wa Huduma za Misitu.

Pendekezo kubwa zaidi, kama vile kupanda miembe mipya pale ya zamani ilipoanguka au kuacha wazi njia ya ufukweni wakati wa kupima viwanja, huanzia kwenye mkutano wa mtaa, likafika Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla ya kuingia katika mpango wa halmashauri. Vikundi vya mchakamchaka vina nafasi ya pekee hapa, kwa kuwa vinapita njia hizo kila wiki na huona mabadiliko mapema kuliko mtu mwingine yeyote. Kikundi kikichagua mjumbe mmoja wa kuhudhuria mkutano wa mtaa wake, kitakuwa kimeipatia kata macho ambayo haihitaji kuyalipa mshahara.