Gitaa Dogo la Mtumba: Anza na Shingo

Isebania ya Kenya imepakana na Sirari ya Tanzania kiasi kwamba bei ya gitaa kuukuu inaweza kutajwa kwa shilingi ya Kenya au ya Tanzania, na mnunuzi akashughulika kugeuza fedha badala ya kukagua mti. Bei ingoje. Shika shingo kwanza.

Litazame gitaa kutoka kichwani kuelekea tumboni, jicho moja umelifumba, kama seremala anavyopima ubao. Nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu inayokaribia kilo 70. Za nailoni, kama kilo 40. Gitaa la nailoni likifungwa chuma ili lisikike mbali, shingo hupinda au daraja hung'oka polepole. Penyeza karatasi nyuma ya daraja: ikiingia, gundi imeachia. Gitaa lililokaa chini ya mabati ya moto hufika hapo upesi, maana joto hulainisha gundi.

Halafu piga uzi mtupu, kisha ubonyeze penye freti ya 12, nusu ya urefu wake. Sauti iwe ile ile, oktava moja juu. Ikipitiliza, huenda nyuzi zimeinuka mno, na hapo hakuna kutyuni kutakakokuokoa.

Vigingi vikavu, kutu, mikwaruzo, hayo ni ya kuombea punguzo tu. Kurekebisha shingo ndiko kunakoweza kugharimu kuliko gitaa lenyewe.

Wapo wanaolidharau gitaa dogo kuwa la watoto. Mimi sikubali. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, na George Mukabi wa magharibi mwa Kenya walipata heshima yao kwa vidole na gitaa kavu, lisilo la umeme. Naye D.O. Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, ng'ambo ya mpaka huu huu, alitupatia benga ambayo utamu wake unakimbia kwenye nyuzi nyembamba. Tumbo dogo hupunguza besi, lakini nyuzi hizo huzitoa wazi. Anayejifunza benga hapotezi mengi. Anayesindikiza kwaya yenye ngoma atafute kubwa.

Kabla ya kulipa, angalia darajani: nyuzi zikiwa zimepitishwa tundu na kufungwa fundo, gitaa hilo ni la nailoni. Usilifunge chuma, hata muuzaji akiapa.