Chombo Kilichopotea kwa Kutoelewana

Tarehe 23 Septemba 1999, baada ya safari ya zaidi ya miezi tisa, chombo cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter kilizunguka upande wa nyuma wa Mirihi na hakikusikika tena. Kilitarajiwa kupita juu kabisa ya angahewa ya sayari hiyo. Hesabu zilizofanywa baadaye zilionyesha kuwa kilishuka hadi kilomita 57 hivi kutoka ardhini, ilhali chini ya kilomita 80 kisingeweza kusalimika.

Kisa hiki hufundishwa kama kisa cha vipimo. Programu iliyoandikwa na kampuni ya Lockheed Martin ilitoa hesabu za msukumo wa injini ndogo za chombo kwa paundi. Waongozaji wa safari, waliokuwa katika maabara ya JPL huko California, walizisoma namba hizohizo kama nyutoni. Paundi moja ya nguvu ni karibu nyutoni 4.45, hivyo kila injini zilipowashwa, msukumo ulihesabiwa pungufu zaidi ya mara nne, na kosa likajilimbikiza mwezi baada ya mwezi.

Ni kweli, lakini mimi naona vipimo ndiyo sehemu nyepesi ya kisa. Kwa miezi minne ya kwanza mafaili yenye hesabu hizo hayakutumika kabisa, kwa kuwa mpangilio wake ulikuwa na kasoro. Waongozaji walitegemea baruapepe kutoka kwa kampuni. Mafaili yalipoanza kutumika mwezi Aprili, haikupita wiki kabla hawajaona kuwa namba haziendani na mwendo wa chombo. Walisema. Ila walisema kwa baruapepe na kwa maneno ya mdomo, bila kujaza fomu rasmi ya kuripoti hitilafu, na jambo lisilo na fomu halikuwa na mtu wa kulifuatilia. Isitoshe, kikosi hicho cha waongozaji hakikuwamo katika vikao muhimu vya usanifu, kwa hiyo hakikukifahamu vizuri chombo chenyewe. Tume ya uchunguzi iliyataja mawasiliano duni miongoni mwa sababu za hasara hiyo.

Wahandisi wa programu walikuwa wameonywa zamani kuhusu ugumu wa kuelewana. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo wa OS/360 katika kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye kazi ya programu iliyochelewa huichelewesha zaidi. Shamba la kupalilia unaweza kuligawa matuta, kila mtu akashika lake kimyakimya. Programu haigawanyiki hivyo, maana sehemu moja huitegemea nyingine, na wenye sehemu hizo sharti waelewane. Watu 5 wana jozi 10 za kuelewana. Watu 10 wana jozi 45. Watu 50 wana 1,225. Bosi anayeajiri vijana wapya mwezi mmoja kabla ya siku ya mwisho (na wapo wengi) anaongeza vikao kuliko mikono.

Mwaka 2008 watafiti wa Microsoft waliuchunguza mfumo wa Windows Vista wakitaka kujua ni kipi kinachobashiri sehemu zitakazoharibika. Walipima urefu na ugumu wa msimbo. Walipima pia mambo ya watu: wangapi waliigusa sehemu fulani, wangapi kati yao walishaacha kazi, sehemu hiyo ilimilikiwa katika ngazi ipi ya uongozi. Vipimo vya watu vilibashiri vizuri zaidi.

Mwanasayansi wa kompyuta Melvin Conway alikuwa amelisema jambo la jinsi hiyo mapema zaidi: taasisi ikibuni mfumo, mfumo huo hufuata ramani ya mawasiliano ya taasisi yenyewe. Idara mbili zisizozungumza hutoa sehemu mbili zisizoungana. Makala yake aliipeleka kwanza kwa jarida la Harvard Business Review, likaikataa kwa hoja kwamba hajathibitisha dai lake. Ilichapishwa Aprili 1968 katika jarida la Datamation. Miongo minne baadaye, watafiti wa shule ya biashara ya Harvard hiyohiyo walilinganisha programu zilizotengenezwa na makampuni na zile za watu wa kujitolea waliotawanyika, wakakuta dai la Conway linasimama.