Hisabu ya Nairuzi

Mabaharia na wakulima wa pwani yetu, waliohitaji kujua pepo zitageuka lini na mbegu zitiwe ardhini lini, hawakuridhika na mwezi mwandamo peke yake, kwa kuwa mwaka wake ni wa siku 354 au 355 na hauandamani na misimu. Basi pamoja na tarehe za Kiislamu walishika hisabu ya Nairuzi, ambayo mwaka wake ni siku 365, yaani miongo 36 ya siku kumi kumi, na mwishoni siku tano za gatha.

Kila mwongo huanza siku kumi baada ya ule uliotangulia. Kwa hiyo atakaye kujua mwanzo wa mwongo wa kumi na tisa hana haja ya kuhesabu mmoja mmoja: hutoa moja katika kumi na tisa, akazidisha kwa kumi, akajumlisha na siku ya kwanza, akapata siku ya 181. Nasikitika kwamba watoto wetu hufundishwa kanuni hii kwa herufi tupu, ilhali babu zao walipangia safari kwa kalenda iliyojengwa juu yake.

Lakini kanuni hiyo hutegemea tofauti iliyopimwa barabara. Mwaka wa jua ni siku 365 na takriban robo, na robo hiyo, isiyodhihiri mwaka wa kwanza wala wa pili, hutimia siku nzima baada ya miaka minne, na mwongo mzima baada ya miaka 40. Hata Nairuzi isiyorekebishwa ikawa yatangulia msimu wake kwa mwezi mmoja katika miaka 120.

Ramadhani nayo hurudi nyuma katika kalenda ya jua kwa siku 11 hivi kila mwaka. Mwaka 2025 iliingia mwanzoni mwa Machi. Miaka mitano ni siku 55, kwa hiyo mwaka 2030 yatarajiwa siku za mwanzo za Januari, na nyingine itawahi kuingia Desemba, kabla mwaka huo haujakwisha. Hata hivyo ile 11 yenyewe imezidi kidogo, kwani tofauti ya hakika haifiki 10.9: katika miaka 33 mwenye kuhesabu kwa 11 atapata siku 363, na hali zilizopita kwa kweli ni 359.