Mtihani wa kuingilia udaktari ni KCSE yenyewe

MWANAFUNZI wa Lunga Lunga anayetamani kuwa daktari hana mtihani maalumu unaomsubiri baada ya shule ya upili. Marekani wana ule uitwao MCAT, ambao aghalabu hufanywa na watu waliokwisha kusoma chuo kikuu, na sehemu zake tatu kati ya nne ni za sayansi. Nchini Kenya mlango wa udaktari ni KCSE ile ile ifanywayo na mwenzake anayetaka ualimu au uhasibu. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba maandalizi yake pia ni yale yale. Sivyo.

Tofauti imo katika masomo manne. Shahada ya Udaktari na Upasuaji hudai Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili, kila moja kwa gredi isiyopungua B. Hiyo B ni kizingiti tu. Shirika la KUCCPS, ambalo sheria ya mwaka 2012 ililipa kazi ya kuwagawia wanafunzi nafasi badala ya Bodi ya Pamoja ya Usajili (JAB), huwapanga waombaji kwa alama za kundi hilo la masomo, na kiwango cha juu kabisa ni 48.

Kwa hesabu iliyozoeleka, alama za masomo manne hugawanywa kwa 48, jumla ya alama za masomo saba hugawanywa kwa 84, matokeo hayo mawili huzidishwa, hutafutwa kipeo cha pili, kisha huzidishwa kwa 48. Tuchukue mtahiniwa mwenye A- katika masomo yote manne, yaani alama 44, na jumla ya 74. Atapata 43.1. Kemia yake ikishuka hadi B, masomo manne yatakuwa 42 na jumla 72, naye atabaki na 41.6. Somo moja limempokonya alama moja na nusu, na foleni ya udaktari hupangwa kwa vipande vidogo kuliko hivyo.

Hapa pana mtego mpya. Tangu KCSE ya 2023, gredi ya wastani hukokotolewa kwa Hisabati, lugha moja na masomo mengine matano yaliyofanywa vizuri zaidi. Utaratibu huo umewafaa wengi, kwani aliyelemewa na Kemia aweza kufunikwa na Historia, Dini au Kilimo. Lakini alama za kundi la udaktari hazifunikwi. Mtu aweza kurudi nyumbani na A- ya kushangiliwa Mwereni nzima, kumbe Kemia yake ni C+ na mlango umekwisha kufungwa.

Wengine hujifungia mapema zaidi, mwishoni mwa Kidato cha Pili, wakati wa kuchagua masomo. Kanuni hudai sayansi mbili tu. Anayechagua Kemia na Fizikia akaiacha Biolojia kwa sababu ina maneno mengi, ameuacha udaktari akiwa na umri wa miaka kumi na sita bila kujua. Ng'ambo ya mpaka, Horohoro, mambo yako wazi zaidi: mwanafunzi wa Tanzania anayelenga udaktari huingia Kidato cha Tano katika mchepuo wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, na jina la mchepuo lamkumbusha kila siku aendako.

Tuje kwenye mtihani wenyewe. Kila somo la sayansi lina karatasi tatu. Ya kwanza na ya pili zina alama 80 kila moja. Ya tatu, ya vitendo, ina 40. Karatasi hii ya tatu ndiyo inayowaangusha watoto wa shule zenye maabara duni, na ndiyo inayoweza kuokolewa kwa nidhamu kuliko kwa kipaji.

Katika Kemia, swali la kupima ujazo wa asidi na besi kwa bureti huwa na jedwali. Jedwali hilo lina alama zake kabla hata hesabu haijaanza: lijazwe lote, vipimo vyote viandikwe kwa idadi ile ile ya desimali, matokeo yakaribiane na ya mwalimu, na wastani utafutwe kwa vipimo visivyoachana kwa zaidi ya 0.2 ya sentimita ya ujazo. Anayeandika 20 mahali pamoja na 20.1 pengine amepoteza alama asiyohitaji akili nyingi kuipata.

Kisha huja hesabu ya moli, ambayo hufundishwa Kidato cha Tatu na kuogopwa hadi cha Nne. Asidi ya haidrokloriki yenye nguvu ya 0.1, ikitumika sentimita 20 za ujazo, ina moli 0.002. Ikiwa imezimua sentimita 25 za sodiamu haidroksidi, nazo zina moli 0.002, basi nguvu yake ni 0.08. Badili asidi iwe ya salfuriki, na jibu linakuwa 0.16, kwa kuwa moli moja ya asidi hiyo huhitaji mbili za sodiamu haidroksidi. Asiyeandika mlinganyo kwanza atatoa 0.08 kwa yote mawili.

Swali la kutambua chumvi nalo lina siri yake: andika ulichokiona, si ulichokitarajia. Mashapo meupe yakiyeyuka katika ziada ya sodiamu haidroksidi, huenda ni zinki, alumini au risasi. Ukitumia amonia badala yake, ya zinki peke yake ndiyo huyeyuka. Na pasipotokea mashapo, "hakuna mashapo" ni jibu lenye alama. Nafasi tupu haina.

Maabara ikikosekana, pwani haikosi vifaa vya kuanzia. Jiwe la matumbawe ni kalsiamu kaboneti. Likichomwa tanurini hutoa kaboni dioksidi, na kinachobaki kikimwagiwa maji hufoka kwa joto na kuwa chokaa. Kazi hiyo waachiwe wachomaji, maana chokaa mbichi hupofusha. Ila chokaa iliyokwisha kuzimwa, ikikorogwa majini na maji yakachujwa hadi yawe maangavu, hugeuka ya maziwa ukipuliza pumzi kwa mrija. Maua mekundu ya haibiskasi yakichemshwa hutoa rangi inayoiva kwa wekundu katika ndimu na kuwa kijani katika maji hayo ya chokaa. Hayo ni masomo ya Kidato cha Kwanza, na aliyeyaona kwa macho yake hayasahau.

Biolojia ndiyo yenye utajiri zaidi hapa. Anayetembea Vanga maji yakitoka ataona mizizi ya mchu imesimama wima matopeni. Mtihani ukiuliza jinsi mmea huo ulivyojirekebisha kwa mazingira yake, wengi huandika kwamba una mizizi ya kupumulia, wakaishia hapo. Hilo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni kwamba tope lililojaa maji halina oksijeni ya kutosha, hivyo mizizi hupanda juu na kuivuta hewani kupitia vitundu vyake. Kutaja ni kutaja. Kueleza ni kuunganisha umbo na kazi kwa "kwa sababu". Mtihani huu ni wa Kiingereza, na mtoto aliyekua akisema Kidigo na Kiswahili hupoteza alama nyingi kwa kutotofautisha maagizo hayo mawili kuliko kwa kutojua mmea.

Kichocho vilevile. Ugonjwa huu umo katika mada ya ekolojia ya Kidato cha Tatu, na Kwale ni miongoni mwa sehemu unakopatikana. Mkojo wenye mayai huingia majini, vimelea huingia ndani ya konokono, hutoka na kupenya ngozi ya anayeoga au kufua. Anayeweza kusema ni hatua gani inavunjwa na choo, na ipi na dawa, ameelewa mzunguko mzima.

Nafasi hii, hata hivyo, ina mwisho. Waliojiunga na Kidato cha Kwanza mwaka 2024 ndio wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4, na KCSE yao ni ya 2027. Wadogo zao waliofanya mtihani wa Gredi ya Tisa mwaka 2025 waliingia Gredi ya 10 Januari 2026 wakiwa wamekwisha kuchagua mkondo: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Kwao, lile chaguo lililokuwa la Kidato cha Pili limesogezwa nyuma mwaka mzima.