Uvuvi wa Kiangazi Katika Ziwa Kitangiri

Mvua za Singida huisha mwezi wa Aprili au Mei, na tangu hapo mpaka Novemba au Desemba hakuna maji mapya ya kutosha yanayoingia katika Ziwa Kitangiri, wilayani Iramba. Mto Wembere unaolilisha ziwa hilo hupungua nguvu. Jua na upepo huyanyonya maji, na ukingo hurudi nyuma ukiacha tope lililopasuka. Ndipo mvuvi aweza kuona jambo la kumfurahisha: nyavu zile zile, kwa kazi ile ile, zinaleta samaki wengi kuliko wakati wa mvua. Vyama vya msingi vyenye wanachama wavuvi havina budi kuifahamu sababu ya wingi huo, kwa kuwa si dalili kwamba samaki wameongezeka.

Sababu yenyewe ni kina cha maji. Katika ziwa refu la nchi za baridi, jua la kiangazi hupasha moto maji ya juu peke yake. Maji ya moto ni mepesi, nayo hukaa juu ya maji ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi, wala upepo hauwezi kuyachanganya mpaka chini. Samaki apendaye baridi huteremka. Mfano ulio wazi ni samoni waliopandikizwa katika Ziwa Michigan, Marekani, miaka ya 1966 na 1967. Samaki hao hupendelea maji ya nyuzi 12 au 13 za sentigredi, na kiangazi huyatafuta makumi ya mita chini. Mvuvi wa huko hurambaza, yaani huenda polepole na chombo akikokota mshipi nyuma yake, kama wafanyavyo wavuvi wa nguru katika pwani ya Tanzania. Tofauti ni kwamba yeye huuteremsha mshipi wake kwa chubwi la kilo 4 au 5 lililofungwa kwenye waya, mpaka ufike katika tabaka walimo samaki. Akikosea kina, hurudi mikono mitupu hata kama samaki wamejaa chini yake.

Kwa hiyo kina kirefu ni ghala la samaki. Hata Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, lina ghala la namna hiyo, ingawa chini ya mita 200 hivi hakuna hewa ya oksijeni na samaki hawaishi.

Kitangiri halina ghala. Kina chake ni cha mita chache tu, na upepo wa kiangazi, ambao Singida unajulikana sana, huyakoroga maji yote mpaka kwenye tope. Hakuna tabaka la baridi la kukimbilia. Maji yanapopungua, samaki wale wale husongamana katika eneo dogo zaidi, na kila wavu unaotupwa huwapata kwa urahisi. Zaidi ya hayo, maji ya moto hubeba hewa kidogo: katika usawa wa bahari, lita moja ya maji yenye nyuzi 10 hubeba miligramu 11 hivi za oksijeni, na yenye nyuzi 30 hubeba miligramu 7 na nusu tu. Usiku usio na upepo hewa hiyo hupungua zaidi, na alfajiri samaki huonekana wakihema juu ya maji. Kuwavua saa hiyo ni rahisi mno.

Kurambaza hakufai kitu hapa. Perege hula mwani na uchafu uliooza, hafukuzi chambo kinachokimbia. Kambare naye hutafuta chakula kwa kunusa na kupapasa chini, hasa usiku. Wavu wa kutega na ndoano za kulaza ndizo zana zao. Kambare ana nafuu, kwani aweza kuvuta hewa ya juu, na mvua zinaponyesha huingia katika majani yaliyofurika kutaga mayai. Perege hana nafuu hiyo. Jike lake huyatunza mayai na vifaranga kinywani, hivyo anayevuliwa wakati huo hufa pamoja na uzao wake. Perege waliosalia mwezi wa Novemba ndio mbegu ya mwaka unaofuata. Kokoro, ambalo limepigwa marufuku, hukomba mbegu hiyo yote, wakubwa kwa wadogo.

Chama cha msingi kinaweza kuipima hatari hii bila mtaalamu. Daftari la mapokezi lioneshe idadi ya samaki pamoja na uzito. Tuseme mwezi wa Juni kilo 40 zilikuwa samaki 160. Ikiwa Oktoba kilo 40 hizo hizo ni samaki 320, basi kila samaki amepungua kutoka gramu 250 hadi gramu 125. Mizani peke yake isingesema neno, na mwenye kusoma safu ya kilo tu angetoa taarifa njema kwenye mkutano mkuu.

Jambo la pili ni mikopo, ambalo kwa kawaida halihesabiwi kuwa jambo la uvuvi. Mwanachama aliyekopeshwa nyavu, akidaiwa fungu kubwa mwezi wa Oktoba, atavua kwa macho madogo hata kama anajua madhara yake, kwa sababu deni halingoji mvua. Kamati ya mikopo ikiweka mafungu makubwa Juni na Julai, na madogo tangu Septemba, itakuwa imewapunguzia samaki wavuvi wengi zaidi kuliko askari wa doria. Ratiba hiyo huandikwa kabla nyavu hazijatolewa ghalani, si baada ya maji kukauka.