Kutoka Butembo tunamfuata Angella

Wiki ambayo kuna mashindano ya tenisi Nairobi, sisi walimu wanawake mtatujua kwa simu. Saa ya mapumziko tunakusanyika kwenye simu moja, ile yenye mega, na tunatazama namba. Hakuna picha, hakuna sauti. Ni namba tu zinabadilika: 15, 30, 40, kisha gemu. Jina tunalotafuta ni moja, Okutoyi. Nairobi inatutangulia kwa saa moja, kwa hiyo mechi ya saa nne kwao inaanza saa tatu kwetu tukiwa mbele ya ubao, na mara nyingi tukifika kwenye simu seti ya kwanza imekwisha kuamuliwa.

Wengine wametuuliza: huyo binti ni Mkenya, anawahusu nini? Jibu letu ni fupi. Wamama wa Butembo wanaouza vitenge na vyombo wanajua Nairobi kuliko wanavyojua Kinshasa. Mizigo yao inapita Mombasa, Nairobi, Kampala, inaingia Kasindi, inafika Beni na hapa kwetu. Barabara inayotuletea sahani inaweza pia kutuletea habari ya binti anayejua kazi yake.

Tueleze kwanza mashindano yenyewe, maana si yale makubwa ya televisheni. Wimbledon na wenzake ni ghorofa ya juu. Chini kabisa kuna mashindano ya wataalamu yanayoitwa W15 na W35, na Nairobi huyapokea, kwenye viwanja vya udongo vya Nairobi Club. Siku hizi namba hiyo inaonyesha pointi: anayeshinda W15 anapata pointi 15, anayeshinda W35 anapata 35. Wachezaji 32 wanaingia, na anayetaka kombe lazima ashinde mara tano. (Tuliwapa wanafunzi wa darasa la sita hesabu hii: wachezaji 32, kila mechi inatoa mmoja, mechi ni ngapi mpaka abaki mmoja? Wengi walianza kuchora mti mrefu. Msichana mmoja wa nyuma alisema 31 bila kuchora kitu, kwa sababu lazima watoke 31.)

Pesa ni kidogo. Katika W15 mshindi anaondoka na dola elfu mbili na kitu, na aliyetolewa siku ya kwanza anapata kama dola mia moja na nusu. Mhesabie tiketi ya ndege, viza, chumba, chakula na raketi iliyokatika nyuzi. Tena pointi zinadumu wiki 52 tu, kisha zinaanguka. Binti asipocheza mwaka mzima, jina lake linafutika kwenye orodha kama deni lililolipwa. Ndiyo maana mashindano ya nyumbani yana thamani kubwa kwa msichana wa Afrika Mashariki. Analala kwao, hakuna viza, na wenyeji wana haki ya kumpa karte ya mwaliko hata kama cheo chake bado hakimruhusu kuingia. Msichana wa Ulaya anapanda treni Jumapili na kucheza Jumatatu katika nchi jirani, na wiki inayofuata katika nchi nyingine. Wetu anangoja mpaka mashindano yamfuate.

Sasa Angella mwenyewe. Alizaliwa Nairobi Januari 2004, pacha na dada yake Roselida. Mama yao alifariki katika kuwazaa. Bibi yao ndiye aliyewalea, na bibi huyo alikuwa akifanya usafi katika shule ya Loreto Convent Valley Road. Kwa sababu ya kazi ile ya ufagio, watoto walikuwa karibu na kiwanja cha tenisi. Angella alianza kupiga mpira akiwa na miaka minne, na mjomba wake akawa mwalimu wake wa kwanza. Baadaye alipelekwa Bujumbura, kwenye kituo ambacho shirikisho la kimataifa la tenisi lilikuwa limekiweka kwa vijana wa eneo hili. Bujumbura, wamama, ng'ambo tu ya ziwa kutoka Uvira! Hapo Burundi ndipo alipotoka pia Sada Nahimana, ambaye mwaka 2019 alikuwa kati ya wasichana kumi bora wa dunia kwa vijana.

Januari 2022 Angella alishinda mechi katika Australian Open ya vijana, na hakuna msichana Mkenya aliyewahi kufanya hivyo katika mashindano ya ngazi ile. Julai mwaka huohuo, mwezi uleule nchi yetu ilipokamilisha kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, alichukua kombe la Wimbledon la wasichana kwa wachezaji wawili wawili, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, na ya mwisho ikaamuliwa 11-9.

Hapa tunaomba wamama wasikilize vizuri. Upande wa pili wa wavu siku ile walisimama wasichana wawili wa Canada, na mmoja wao ni Victoria Mboko. Jina hilo ni la kwetu: wazazi wake ni Wakongomani waliohama. Alilia siku ile? Hatukuona. Tunachojua ni kilichofuata. Mwanzo wa 2025 alirudi kwenye mashindano haya madogo tunayoyasema, Martinique, Guadeloupe na kwingine, akashinda mechi 22 mfululizo. Agosti mwaka huo, Montreal, nchini kwao, wakampa karte ya mwaliko. Alikuwa na miaka 18. Alimtoa Coco Gauff, na katika fainali akamshinda Naomi Osaka 2-6, 6-4, 6-1. Kwa hiyo mtu akisema karte ya mwaliko ni huruma kwa watoto wa nyumbani, mwonyesheni Montreal.

Angella naye alishinda dhahabu katika Michezo ya Afrika kule Accra, Machi 2024, dhahabu ya kwanza ya tenisi kwa Kenya tangu 1978. Ushindi huo ungemfungulia mlango wa Olimpiki ya Paris, lakini sheria ilitaka awe pia ndani ya 400 bora wa dunia. Hakuwa. Wakati huo alikuwa akisoma chuo kikuu cha Auburn, Marekani. Kwa maoni yetu alifanya vizuri kushika masomo, lakini ona bei yake: bingwa wa bara zima anabaki nje kwa kukosa pointi zinazookotwa kidogo kidogo, 15 hapa, 35 pale, kwenye viwanja ambavyo hakuna kamera. Tangu hapo hatuyadharau tena mashindano madogo. Na tunajua jinsi yanavyolemea. Mgeni akipoteza Nairobi anafunga begi na kuondoka. Wa nyumbani akipoteza, shangazi, majirani na magazeti wote wako pale.

Habari hii tuliisimulia kwenye mkutano wa AVEC yetu baada ya kuhesabu akiba. Beni na Butembo hazikosi makoko wanaolea wajukuu. Wengine mabinti zao walifia kwenye uzazi, wengine tunajua walifia wapi, hatuna haja ya kuandika. Mmoja wao, analea watatu kwa kuuza lenga-lenga na mihogo, alitukatiza:

"Mwalimu, mimi minervali yenyewe inanishinda. Huyu mtoto akikimbilia mpira, nani atachota maji?"

Tulimwambia ukweli: "Koko, wengi wanaocheza hawatapata dola hata moja."

Hatukumwahidi Wimbledon. Tulimweleza tunachokiona darasani: wasichana wanaacha kucheza wakifika miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, kwa sababu ya bidoni na meza ya soko, na kwa sababu njia ya kurudi nyumbani jioni inaogopesha. Hofu hiyo ni ya kweli na hatuwezi kuifuta kwa hadithi. Tuliomba saa moja tu, Jumamosi asubuhi, katika uwanja wa shule ambapo kuna watu. Raketi ni vipande vya mbao vilivyokatwa na seremala, wavu ni kamba iliyofungwa kati ya miti miwili. Maji yachotwe kabla, na kaka zao wachukue zamu pia.

Koko alinyamaza kidogo, akafunga faranga zake kwenye kona ya kitenge. Kisha akauliza:

"Na yule pacha mwingine?"

Naye anacheza tenisi, koko.

"Aa. Basi huyo bibi alilea wawili."